Alama 31

"Weka ile ya katikati, mwanangu."

Tulikuwa barazani kwenye kituo kimoja cha afya, si mbali na mpaka wa Busia, upande wa Uganda, siku ya kliniki ya wagonjwa wa akili. Nilikuwa nimemuuliza mama mmoja kama huwa anapandwa na hasira anapokuwa karibu na mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, kushotoni kwake, kijana wa miaka ishirini na kitu, shingo imekakamaa kwa dawa, macho sakafuni. Kuliani alikaa msichana mdogo, mjukuu, amepakata mfuko wa kavera wenye daftari la hospitali, chupa ya maji na chapati moja iliyofungwa kwenye gazeti.

Mama alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Ndipo akasema niweke ile ya katikati.

Maswali yalikuwa 22, ya kupima mzigo wa mtu anayemtunza mgonjwa. Tulipomaliza nikajumlisha, ikatoka 31. Jedwali la kusomea alama linasema 31 ni mzigo mdogo hadi wa wastani.

"Nimepita?" akaniuliza.

Nilimwambia huu si mtihani. Akaitikia, akainuka, akamshika mwanawe mkono. Yule msichana alikuwa ameshasimama, daftari mkononi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia foleni na kujua zamu yao imefika.

Wiki zimepita, na ile 31 haijanitoka kichwani.

## Fomu tuliyotumia

Kazi niliyopewa ilikuwa kuuliza maswali kwa Kiswahili. Kliniki ile inapokea Wasamia, Wateso, Wagisu, Waganda na hata watu wa ng'ambo ya mpaka, na lugha inayowakutanisha wote kwenye benchi moja ni hii yetu. Maswali sikuyatunga mimi. Fomu ni maarufu dunia nzima. Ilitungwa Marekani na Steven Zarit na wenzake mwaka 1980, kwa ajili ya watu wanaotunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Mwanzoni ilikuwa na maswali 29, baadaye yakapunguzwa. Kila swali lina majibu matano, kuanzia "kamwe", ambalo ni sifuri, hadi "karibu kila mara", ambalo ni nne. Jumla ya juu kabisa ni 88. Kwa kawaida, alama hadi 20 huhesabiwa kuwa mzigo mdogo sana au hakuna mzigo. 21 hadi 40, mdogo hadi wa wastani. 41 hadi 60, wa wastani hadi mkubwa. Na kuanzia 61, mzito kabisa.

Sina ugomvi na walioitunga. Walifanya jambo la maana: walimgeukia mtu aliyekaa kando ya mgonjwa, wakamuuliza habari zake yeye. Wangapi kati yetu tumeulizwa hivyo? Ukifika hospitalini na ndugu yako, wewe ni mtu wa kujibu amelala vipi, amekula nini, dawa amemeza au ametema. Ukishajibu, unaambiwa usubiri nje.

Siku hiyo hiyo nilimhoji mzee mmoja aliyekuja na gari kutoka Kampala kuzungumza na daktari kuhusu dada yake. Yeye haishi na mgonjwa. Analipa. Dawa zikikosekana ananunua yeye, nauli anaituma kwa simu, na binti anayekaa na dada huyo analipwa naye kila mwezi. Tulipofika kwenye swali linalouliza kama unaona ungepaswa kufanya zaidi ya unavyofanya, alinyamaza muda mrefu, akavua miwani, akajifuta macho.

Alama zake zilikuwa 58.

Sikuyadharau machozi ya mzee yule, na siyadharau leo. Mtu anaweza kuteseka akiwa mbali, tena umbali wenyewe ukawa ndio mateso. Lakini usiku nilipoziweka fomu mbili sambamba mezani, 58 na 31, nilishindwa kulala. Nilijua mama yule ametembea na mwanawe tangu alfajiri hadi barabara ya lami, kwa sababu bodaboda wa kijijini kwao hawakubali kumbeba kijana. Nilijua kwa kuwa alinieleza tukiwa bado hatujaanza fomu. Fomu haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

## Pesa ina alama nne tu

Nikaichukua fomu nikaipigia hesabu upya. Safari hii niliyaacha majibu ya watu, nikahesabu maswali yenyewe.

Katika maswali 22, linalouliza habari ya pesa ni moja.

Linauliza kama unaona huna pesa za kutosha kumtunza mgonjwa ukijumlisha na matumizi yako mengine. Familia iliyouza ng'ombe mmoja itajibu "karibu kila mara". Familia iliyouza ng'ombe, ikakodisha shamba, ikamtoa mtoto shule, nayo itajibu "karibu kila mara". Zote mbili zinapata nne, na habari ya pesa imeishia hapo. Maswali ya kujilaumu, lile la ungepaswa kufanya zaidi na lile la ungeweza kumtunza vizuri zaidi, ni mawili, kwa hiyo yana alama nane. Kwa kipimo hiki, kujilaumu kuna uzito mara mbili ya kukosa pesa.

Nikapiga hesabu nyingine. Mtu akijibu ile ya katikati kwenye kila swali, kwa adabu au kwa uchovu wa foleni, anatoka na 44. Anahesabiwa kuwa na mzigo wa wastani hadi mkubwa, na hajatuambia neno lolote.

Nafahamu kwamba kipimo hakikutungwa kwa ajili ya barabara zetu za udongo. Kilitungwa kumsikiliza mtu anavyojisikia, na kwa hilo kinafanya kazi yake. Kinachonisumbua ni kile tunachokifanya sisi tukishaipata jumla. Tunaiandika "mzigo". Tunaipeleka mezani kwa watu wanaoamua wapi pa kuweka nesi wa ziada na wapi pa kupeleka dawa, na wao wanaisoma 31 wanasema hapa hali si mbaya sana.

## Na kama mama ndiye aliye sahihi?

Hasira yangu juu ya ile 31 ilidumu siku kadhaa. Kisha ikaanza kunitia shaka.

Nani alisema lazima mama yule apate alama nyingi? Kwenye swali la kuona aibu alijibu "kamwe" bila kusita. Huenda haoni aibu kweli. Amemzaa yule kijana, amemnyonyesha, alimwona akishika nafasi za mbele darasani kabla ugonjwa haujaanza. Aibu ya nini? Na swali la kama mgonjwa anamtegemea yeye: mtoto amtegemee nani kama si mama yake? Nilikuwa nimekaa na kalamu yangu natamani jibu lake liwe zito zaidi ili hesabu yangu ikubaliane na huruma yangu. Huko nako ni kutomheshimu.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali inatuonya tusiuone mzigo wa mwenzetu mwepesi kwa kuwa hauko kichwani petu. Haisemi tufanye nini pale mwenye mzigo mwenyewe anaposema ni mwepesi.

Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko maswali mengine yote ya kazi hii.

Kilichonisaidia ni jambo la zamani. Mwaka 1966, huko Uingereza, Hoenig na Hamilton waliugawa mzigo wa familia katika sehemu mbili. Kuna mzigo unaoonekana na kuhesabika: kipato kilichopotea, kazi iliyoachwa, watoto waliovurugikiwa, usiku uliokosa usingizi. Na kuna mzigo ambao mtu mwenyewe anasema anausikia. Walikuta kwamba miwili hiyo haiendi pamoja kila mara; zipo nyumba zenye hasara ya wazi ambazo watu wake wanasema hawaelemewi.

Basi sikuhitaji kubishana na mama. Majibu yake yabaki yake. Akisema haoni aibu, haoni aibu, na ni jambo la kushukuru. Ila fomu ilikuwa imeuliza nusu moja, na jumla ikachukua jina la nusu zote mbili.

Liko na jingine la karibu zaidi. Kijana alikuwa amekaa pale pale. Mama gani atasema mwanawe akisikia kwamba anatamani mtu mwingine amchukue? Na nesi aliyekuwa akipita na trei ya sindano ndiye anayewapa dawa. Familia nyingi zinazokuja pale zina shukrani kubwa na hofu ndogo, na zote mbili zinamfanya mtu ajibu kwa upole.

## Dawa inamtaka ale

Nyumba ya mama yule iko njiani kwenda kwa shangazi yangu. Tulipokutana barabarani alinikaribisha, nami nikaingia kusalimia. Nikamweleza kwamba natamani kuandika kuhusu mambo haya bila kumtaja, akakubali. Yafuatayo ameyasema mwenyewe.

Matibabu kwenye vituo vya serikali hapa Uganda hayalipiwi tangu 2001. Dawa ikiwepo, unapewa bure. Lakini Largactil, mojawapo ya dawa za akili anazomeza kijana, wote wanaoijua watakubaliana nami, inampa mtu njaa ya ajabu. Kijana anakula posho sahani ya kwanza, ya pili, anaikwangua sufuria, na baada ya saa mbili anarudi jikoni. Mama hamkatazi. "Dawa inamtaka ale," ananiambia, kama mtu anayemtetea mgeni wa heshima. Unga uliokuwa ukitosha nyumba nzima wiki mbili sasa unaisha kabla ya hapo. Akipunguziwa chakula, kijana anasema ni dawa inayomletea tabu, anagoma kumeza.

Dawa hiyo hiyo inaifanya ngozi isivumilie jua. Akishinda shambani mchana, uso na mikono vinaungua. Kwa hiyo wanaanza kulima alfajiri, kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, kisha yeye anarudi kivulini na mama anaendelea peke yake. Haloperidol, dawa yake nyingine, inamkakamaza shingo na taya. Kipo kidonge cha kulegeza, benzhexol, nacho mara nyingi ndicho kinachokuwa kimeisha, na hapo mama anakwenda kukinunua duka la dawa mjini. Akikosa pesa, kijana anakaa siku nzima taya limebana, mate yanamtiririka, na watoto wa jirani wanakuja kuchungulia uani.

Dawa inasaidia. Nataka hilo lisomeke vizuri, kwa sababu najua wapo wanaotafuta sababu ya kuacha. Kabla ya sindano ya kila mwezi kijana alikuwa akitembea usiku hadi ng'ambo ya mpaka, akirudishwa na wasamaria wema au na polisi. Sasa analala. Anateka maji. Juzi alicheka. Lakini hata nafuu ina gharama zake, na hakuna aliyewahi kumuuliza mama kilo ngapi za unga zinaingia kwenye nafuu hiyo.

## Mzigo ulikuwa umeshaandikwa

Nilipouliza habari za fedha, mama hakuanza kukisia. Alikwenda ndani akarudi na madaftari.

La kwanza ni lile la hospitali, la kurasa 96, ambalo kila mgonjwa wa nje hapa kwetu hujinunulia. Kila ziara ina tarehe. Kila ziara ina dawa alizoandikiwa, na pembeni kwa mkono wa nesi, mahali ambapo dawa haikupatikana, imeandikwa anunue. Ukihesabu tarehe unapata safari. Ukizidisha safari na nauli ya watu watatu kwenda na kurudi unapata pesa. Ukihesabu yale maandishi ya pembeni unajua ni mara ngapi "bure" haikuwa bure.

La pili ni la kikundi cha akiba cha akina mama, wale wanaokutana chini ya mwembe kila wiki. Mikopo yake yote imo, na mbele ya kila mkopo katibu ameandika sababu. Nauli ya hospitali. Dawa. Mbuzi wa mganga, wakati ule bado wanatafuta chanzo. Sadaka ya maombi, baada ya mganga kushindwa. Na fidia.

Fidia nilitaka kuielewa. Akanieleza kwamba kijana, kabla hajaanza sindano, aliingia shamba la jirani akang'oa mihogo michanga, mistari kadhaa, akaipanga vizuri kando ya njia. Jirani hakufanya ukali. Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kikao kikakaa, familia ikaamriwa kulipa, ikalipa kidogo kidogo. Hilo nalo limeandikwa, katika daftari la mwenyekiti, pamoja na dirisha la duka na baiskeli iliyotupwa mtoni.

Daftari la nne sikuliona, liko shuleni. Ni la mahudhurio ya yule msichana.

Nilikaa kwenye kigoda pale uani nikiwa na lile la akiba magotini. Sisi tulikuwa tumeleta fomu kutoka mbali kuja kuupima mzigo ambao kijiji kilikuwa kimeshauandika kwa tarehe na kwa shilingi. Wala haukuandikwa ili watafiti wausome. Umeandikwa kwa sababu watu wanadaiana, wanaaminiana na wanalipana, na deni lisiloandikwa huleta ugomvi.

Yapo yasiyo kwenye daftari lolote. Mama alinieleza, bila mimi kuuliza, kuhusu usiku alioita vijana wa kijiji waje wamfunge mwanawe kamba kwa sababu alikuwa ameshika panga. Walimfunga kwa upole, alisema. Yeye ndiye aliyeishika taa. Asubuhi aliwapikia chai wote waliokuja, kwa sababu walikuwa wamekesha kwa ajili yake.

Hakuna kipimo ninachokijua kinachouliza nani alishika taa.

## Yule aliyefuatilia foleni

Mwanzoni mwa fomu tunauliza mtunzaji mkuu ni nani. Mama alisema, "Mimi." Alisema kweli, nami nikaandika jina moja mahali palipokuwa na nafasi ya jina moja.

Lakini nyumbani nilimwona msichana. Anavijua vidonge kwa rangi. Anajua kipi kinatangulia na kipi kinangoja chakula. Kijana akianza kuzungumza peke yake kwa sauti ya juu, bibi hamkaribii. Msichana ndiye anayekwenda kukaa karibu naye na kumuuliza mambo ya kawaida, ng'ombe wa fulani amezaa, redio imeharibika, mpaka anatulia. Mjomba wake anamsikiliza yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Siku ya kliniki haendi shule kwa sababu bibi hasomi vibao vya hospitali. Siku kijana anapopotea haendi shule kwa sababu anajua njia anazopenda. Mpango wa elimu ya msingi ya bure ulianza hapa Uganda mwaka 1997, na ameandikishwa, jina lake limo. Ukimuuliza yuko darasa la ngapi anajibu, kisha anaongeza, "Lakini mtihani wa mwisho sikuufanya."

Nisingemwona kama nisingelelewa katika nyumba ya namna hiyo.

Kwetu mgonjwa alikuwa mjomba, kaka yake mama. Aliyelala kwenye mkeka mbele ya mlango ili mjomba asitoke usiku alikuwa dada yangu mkubwa. Aliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyemwachisha, zilianza siku moja moja, zikawa wiki, kisha muhula ukaanza na hakuna aliyetaja habari ya sare. Mimi niliendelea kusoma. Mjomba alifariki zamani, na kama mtafiti angekuja leo nyumbani kwa dada yangu na kuuliza kama kuna mgonjwa wa akili hapa, jibu lingekuwa hapana, fomu ikafungwa. Ile miaka iko pale pale. Iko katika kazi anayoifanya, katika kipato chake, na katika namna anavyowasukuma binti zake waamke mapema.

Mlezi mkuu wa familia yetu, kwa fomu yoyote, angekuwa mama yetu.

## Wengine wameshajaribu

Sisemi mambo mapya. India walifika hapa kabla yetu. Mwaka 1981 Pai na Kapur walichapisha utaratibu wa kuhoji familia wenye vipengele 24, na kundi la kwanza kabisa ni fedha: kipato cha mgonjwa kilichopotea, kipato cha mwingine aliyeacha kazi, gharama za matibabu, mikopo, mipango iliyoahirishwa. Yapo na makundi ya shughuli za kila siku, mapumziko, uhusiano ndani ya nyumba, afya ya mwili na afya ya akili ya wengine. Anayehoji anaizungumzia nyumba nzima, kisha mwishoni anauliza mtu mwenyewe anaonaje. Mwaka 1998, Thara na wenzake huko Chennai walitunga kipimo cha maswali 40 baada ya kuanza kwa kuzisikiliza familia zenyewe. Na mwaka 1996, Szmukler na wenzake waliweka kwenye kipimo chao maswali ya mazuri ambayo mtunzaji ameyapata, si mabaya tu. Ningependa mama yule aulizwe hayo. Nadhani angekuwa na mengi ya kusema, na si ya katikati.

Kwa hiyo kuchukua fomu ya Zarit na kuipeleka kwenye baraza la kliniki ya mpakani ni uchaguzi. Inachaguliwa kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa namba zake zinalingana na za nchi nyingine. Sababu hizo nazielewa. Naona hazitoshi.

## Kupima ili iwe nini

Swali gumu zaidi aliniuliza shangazi, si mtafiti. Aliuliza, "Na aliyepata nyingi mnampa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Aliyepimwa presha ikaonekana iko juu anapewa dawa. Aliyepimwa mzigo ukaonekana 70 anapewa ahsante.

Hospitali ya Butabika ilifunguliwa Kampala mwaka 1955, na kwa miaka mingi mawazo ya watu yalikuwa kwamba mgonjwa wa akili ni wa Butabika. Siku hizi mwelekeo umegeuka. Hospitali za rufaa za mikoa zimepewa vitengo vya akili, sheria ya 1938 ilifutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, na matibabu yanasogezwa karibu na watu. Ninaunga mkono kabisa. Mtu apone akiwa kwao, anasikia lugha yake, anakula na wa kwao. Lakini matibabu yakisogezwa nyumbani, nyumba ndiyo inayogeuka wodi, na wodi ina bajeti. Hii ya nyumbani inaendeshwa kwa mkopo wa kikundi cha akiba na kwa siku za shule za mtoto.

Hapo ndipo hesabu ya madaftari inapoonyesha kitu ambacho 31 haiwezi. Ukishaona kwamba gharama kubwa ni nauli ya watu watatu, unaweza kuuliza kwa nini mgonjwa aliyetulia anaitwa kila mwezi kuchukua vidonge vile vile. Wagonjwa wa VVU walio imara hapa Uganda hupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mkupuo mmoja. Hilo lilibuniwa ili watu wasiache dawa kwa sababu ya safari. Kwa nini isiwe hivyo kwa vidonge vya akili, dawa zikiwepo? Ukishaona maandishi ya pembeni yanajirudia kwa kidonge kile kile, unajua cha kudai kinapopangwa kile kinacholetwa kituoni. Ukishaona fidia, unajua mwenyekiti wa LC1 anahitaji kukaa na daktari kabla ya kikao kijacho.

Hizo ni hatua ndogo zinazowezekana. Hakuna hata moja inayotokana na kujua kama mama anapandwa na hasira.

Nimewaandikia walionipa kazi. Wamekubali mawili. Mtunzaji atahojiwa mbali na mgonjwa, chini ya mti ulio nyuma ya kliniki, na mtu mwingine wa familia au nesi akae na mgonjwa wakati huo. Na umeongezwa ukurasa mmoja unaojazwa kutokana na daftari la hospitali, mtunzaji akiridhia: safari, nauli, dawa zilizonunuliwa, mikopo, na nani mwingine nyumbani ameacha kazi au shule. Daktari naye, nilipomwonyesha hesabu ya nauli, alisema akiba yake ya dawa haimruhusu kuwapa wote za miezi miwili, lakini ataanza na wanaotoka mbali. Sindano itabaki ya kila mwezi.

La tatu halijakubaliwa. Niliomba watoto waulizwe wenyewe. Nimeambiwa lazima lipitie kamati ya maadili, lazima mlezi aridhie na mtoto naye aridhie, na lazima awepo mtu anayejua la kufanya iwapo mtoto atasema jambo zito. Nimekubali, tena naona wana haki kuchelewa. Mtoto anayetunza mgonjwa ameshabebeshwa mengi, haifai abebeshwe na maswali yasiyo na msaada nyuma yake. Kamati inakutana mwezi ujao. Rasimu ya maswali ninayo, bado ni machache, na la kwanza linauliza siku gani wiki iliyopita hakwenda shule na alikuwa akifanya nini.

Kama ulilelewa katika nyumba yenye mgonjwa wa akili, na kuna swali ulilokuwa ukitamani mtu mzima akuulize wakati ule, niandikie kabla kamati haijakaa. Nitaliingiza kwenye rasimu.